Mtiririko wa sampuli unayumba kwenye saitometa ndogo ya mezani: tuanzie wapi kurekebisha?

MteknolojiaPwani (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafanya kazi katika maabara ya utafiti na mafunzo iliyoko ukanda wa pwani ya Tanzania, ambako tunatumia saitometa ndogo ya mezani kuhesabu na kuainisha seli nyeupe za damu katika tafiti za wanafunzi wa uzamili. Mashine haitumiki kutoa majibu ya wagonjwa na muda wake wa dhamana ulikwisha, kwa hiyo tuna uhuru wa kuifungua. Leza na vitambuzi vya mwanga tumekwisha kuvikagua, navyo viko sawa. Kinachotusumbua ni namna vimiminika vinavyofikishwa kwenye chemba ya kupimia, na hapo ndipo ninapoomba mawazo ya watu waliowahi kuushika mfumo wa aina hii.

Naeleza kwanza mpangilio wake. Maji ya chumvi yaliyochujwa, yaani kimiminika cha ala, husukumwa na pampu ya rola, ambayo rola zake hukandamiza mpira wenye kimiminika, hadi kwenye chemba, yakaizunguka sampuli pande zote na kuibana iwe uzi mwembamba, ili seli zipite moja moja mbele ya leza mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pampu ya pili ya rola huvuta kila kitu kutoka chembani na kukipeleka kwenye chupa ya taka. Sampuli yenyewe haina pampu: huingia kwa kuvutwa, kwa sababu pampu ya taka huondoa kimiminika kingi kidogo kuliko kile ambacho pampu ya ala inaingiza. Ala hupita kwa takriban mililita 5 kwa dakika, na sampuli kwa mikrolita 50 kwa dakika.

Tunapopitisha shanga za polistirini za kupimia, ambazo zote zina ukubwa mmoja, kilele chake kwenye grafu kimetanuka kuliko zamani, na tukichora ukubwa wa ishara dhidi ya muda tunaona mawimbi yanayojirudia kwa mpangilio. Mchana, hasa umeme unapokatika na kiyoyozi kikazimika, ishara za leza ya pili hudhoofika huku za leza ya kwanza zikibaki karibu vilevile. Idadi ya shanga tunazohesabu kwa dakika imekuwa ikishuka polepole kwa muda mrefu ingawa idadi ya shanga katika kila mililita ni ileile. Aidha, sampuli za damu zinazochukua muda mrefu hutoa seli nyingi mwanzoni na chache mwishoni.

Tumefikiria kuondoa pampu za rola na kuweka pampu za sirinji, au kufunga chupa ndogo ya hewa kwenye mrija ili kutuliza mapigo. Bajeti yetu ni ndogo, na ningependa tutumie fedha pale tu zitakapoleta nafuu ya kweli. Je, mngeanzia wapi?

MhandisiVifaaTiba

Ndugu mleta mada, nashukuru kwa kueleza mpangilio kabla ya dalili, kwa sababu katika mashine yako jibu kubwa limo ndani ya mpangilio wenyewe.

Tazama hesabu hii. Pampu ya ala inaingiza mikrolita 5,000 kwa dakika, nayo pampu ya taka inatoa 5,050. Sampuli yako ni ile tofauti ya 50. Maana yake ni kwamba mpira wa pampu ya taka ukichoka kiasi cha kupunguza utoaji wake kwa asilimia 1 tu, tofauti yote inatoweka na sampuli haiingii kabisa. Na ukipungua kwa nusu ya asilimia, unapoteza nusu ya sampuli. Katika kazi nyingi za maabara pampu yenye kosa la asilimia 1 husifiwa, lakini hapa kosa hilohilo linakula kipimo chote. Wabunifu wanaupenda mpangilio huu kwa sababu unapunguza sehemu zinazoweza kuziba na unaifanya mashine iwe ndogo na nafuu, nami siupingi, ila unadai uangalizi wa mipira ya pampu ambao watumiaji wengi hawaambiwi. Ndiyo maana nadhani kushuka kwa hesabu zako kunaanzia kwenye mpira wa pampu ya taka. Rola zinaukandamiza kila mzunguko, nao hupoteza unyumbufu wake kidogo kidogo, hivyo haujai tena kama ulipokuwa mpya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupima, na kifaa unachohitaji ni mizani. Weka chupa yenye mfuniko uliotobolewa tundu dogo juu ya mizani, elekeza mrija wa pampu ya ala humo, uiache ifanye kazi kwa dakika 10. Ukitumia maji yaliyotoneshwa utarajie takriban gramu 49.9 kwa joto la nyuzi 20, kwa kuwa mililita 1 ya maji huwa na gramu 0.998 katika joto hilo. Fanya vivyo hivyo kwa pampu ya taka ikivuta kutoka kwenye chombo kilichopimwa. Kisha, na hili ndilo muhimu zaidi, pima sampuli yenyewe moja kwa moja: pima uzito wa kijichupa cha sampuli kabla na baada ya dakika 10, kinapaswa kupungua kwa takriban gramu 0.5. Usikadirie sampuli kwa kutoa uzito wa ala kwenye uzito wa taka, kwa sababu makosa ya vipimo viwili vikubwa yatakuwa makubwa kuliko kitu unachokitafuta. Hapa inahitajika mizani inayosoma miligramu.

Mpira ukiwa umechoka, badilisha yote miwili kwa pamoja, kutoka bunda moja, na uiache ifanye kazi kwa saa kadhaa kabla ya kupima tena, kwa maana mpira mpya hubadilika haraka mwanzoni kisha hutulia.

Sasa nije kwenye mawimbi. Pampu yenye rola 6 inayozunguka mara 60 kwa dakika hutoa mapigo 6 kwa sekunde. Hesabu mawimbi kwenye grafu yako ya muda: yakilingana na idadi ya rola mara mizunguko kwa sekunde, chanzo chake kimejulikana bila ubishi. Yakilingana na mzunguko mmoja wa pampu badala ya rola, basi kuna rola moja iliyopinda au kuchakaa, nayo hairekebishwi na chupa ya hewa.

Kwa nini mapigo hayo yanatanua kilele cha shanga? Chukulia chemba yenye kipenyo cha mikromita 200. Mililita 5 kwa dakika zikipita humo, kasi ya wastani ni takriban mita 2.65 kwa sekunde, na katikati, ambako sampuli hupita, kasi ni mara mbili yake, yaani mita 5.3 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko utakuwa tulivu au wa msukosuko, ni takriban 530, chini sana ya 2,000, kwa hiyo mtiririko ni tulivu na msukosuko hauhusiki. Kanuni hii ya kuibana sampuli ndani ya mkondo wa ala ilielezwa na Crosland-Taylor huko London mwaka 1953, na bado ndiyo tunayoitegemea. Uzi wa sampuli kwa vipimo vyako unakuwa na kipenyo cha mikromita 14 hivi, upana unaokaribia mara mbili ya ule wa limfosaiti, aina ya seli nyeupe ya damu. Ala ikipungua kasi kwa asilimia 10 katika sehemu ya pigo, uzi hunenepa kwa takriban asilimia 5 na shanga hubaki ndani ya mwanga kwa muda mrefu zaidi, hivyo jumla ya mwanga unaokusanywa huongezeka kwa karibu asilimia 10 ingawa shanga ni ileile. Mashine inaandika tofauti ambayo haimo kwenye shanga.

Leza ya pili nayo huathirika kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa leza zimeachana kwa mikromita 100, seli huchukua takriban mikrosekunde 19 kutoka moja hadi nyingine, na kompyuta hufungua dirisha la kusoma leza ya pili kwa kuamini muda huo. Kasi ikibadilika kwa asilimia 10, seli hufika karibu mikrosekunde 2 kabla au baada ya wakati wake, na sehemu ya ishara huangukia nje ya dirisha. Leza ya kwanza haidhuriki hivyo, kwa sababu ndiyo inayoanzisha saa. Dalili yako ya mchana inaniambia kwamba kasi inabadilika joto linapopanda, nami ningeshuku viputo.

Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita yakiwa wazi kwa hewa, lakini yakifika nyuzi 30 uwezo huo hushuka hadi 7.6. Ziada hutoka kama viputo, nayo naitrojeni hufanya vivyo hivyo. Ukichukua maji ya ala kutoka kwenye jokofu, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji ya nyuzi 4 hubeba zaidi ya miligramu 13. Kiputo kilichonaswa kwenye kona ya chemba au ndani ya chujio hupanuka na kusinyaa kwa kila pigo, na hivyo hubadilisha mtiririko bila mpangilio. Acha maji ya ala yakae chumbani usiku kucha kabla ya kuyatumia, au yapitishe kwenye ombwe ukiwa na pampu yake, na kila unapobadilisha chujio la mikromita 0.2 ligeuze tundu la kutolea hewa liwe juu hadi litoe maji matupu.

Kuhusu chupa ya hewa, wazo lenu ni zuri, ila haifanyi kazi peke yake. Inahitaji mrija mwembamba mbele yake, ili pigo liingie kwenye hewa badala ya kwenda chembani. Mrija wa mita 1 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 0.5 unahitaji takriban nusu ya kanieneo la hewa ili kupitisha mililita 5 kwa dakika, na pampu ya rola huweza mzigo huo. Ukiweka mililita 1 ya hewa nyuma yake, mfumo unapata muda wa kutulia wa sekunde 4 hivi, na pigo la mara 6 kwa sekunde linapungua zaidi ya mara 150 kinadharia. Ukisubiri sekunde 20 baada ya kuwasha, mtiririko umetulia. Watu wengi huona kwamba hewa zaidi ni bora zaidi, wakaweka mililita 5, na matokeo yake ni kusubiri zaidi ya dakika moja na nusu kwa kila sampuli, ambapo ala na seli zinapotea bila faida yoyote inayoonekana kwenye kilele.

MtafitiMwani

Nawasalimu wote. Sisi tupo Zanzibar na tunatumia mashine ya aina hiyo kwa mwani wa seli moja moja unaoelea baharini, kwa hiyo nitachangia upande wa sampuli, ambao mchangiaji aliyetangulia ameugusa kidogo.

Dalili ya seli kupungua mwishoni mwa sampuli, kwa maoni yangu, haitokani na pampu. Seli zinazama. Limfosaiti yenye kipenyo cha mikromita 8 ni nzito kidogo kuliko maji ya chumvi, nayo hushuka kwa takriban mikromita 2 kila sekunde. Hiyo inaonekana ndogo, lakini ni zaidi ya milimita 7 kwa saa, na ndani ya mrija mwembamba ulalao ni jambo kubwa. Mrija wa sampuli wenye kipenyo cha milimita 0.25 na urefu wa sentimita 30 una ujazo wa mikrolita 15 hivi. Kwa mtiririko wa mikrolita 50 kwa dakika seli hukaa humo chini ya sekunde 20 na hazidhuriki sana, lakini mkipunguza mtiririko hadi mikrolita 15 ili kupata uzi mwembamba, zinakaa dakika nzima, na katika dakika hiyo zinashuka karibu nusu ya kipenyo cha mrija. Zinaburuzika chini kabisa, ambako kimiminika kinakwenda polepole, na nyingine zinagandamana. Ufupisheni mrija huo kadiri inavyowezekana, muuelekeze wima badala ya kuulaza, na mchanganye kijichupa kwa upole kati ya vipindi vya kusoma. Kwa damu, hakikisheni kinga ya kuganda ipo ya kutosha na mpitishe kila sampuli kwenye wavu wa mikromita 35 au 40 kabla ya kuiweka. Bonge moja la seli likikwama kwenye ncha ya mrija, hakuna pampu itakayoliona. Itaendelea kuvuta, na sampuli itapungua kimyakimya.

Neno moja kuhusu chumvi. Kwa mwani tunatumia maji ya bahari yaliyochujwa kama ala, kwa sababu sampuli ya maji ya bahari ndani ya ala ya maji matamu hupinda mwanga kwenye mpaka wa vimiminika viwili na kuchafua ishara za seli ndogo. Gharama yake ni kwamba tone lolote likikauka kwenye mrija linaacha fuwele. Hata maji yenu ya chumvi ya kawaida yatafanya hivyo mkizima mashine bila kuiosha. Sisi kila jioni tunapitisha jiki iliyozimuliwa mara 10, kisha maji yaliyotoneshwa kwa muda mrefu zaidi ya ule wa jiki, na tunaiacha mirija ikiwa imejaa maji hayo bila hewa.

Mwisho, nionavyo, kama mapigo ya rola ndiyo shida, kwa nini msitumie tangi dogo lenye hewa iliyokandamizwa kusukuma ala? Halina mapigo hata kidogo, na saitometa kubwa nyingi zimejengwa hivyo.

MhandisiVifaaTiba

Ndugu MtafitiMwani, nakubaliana nawe katika yote uliyosema kuhusu seli kuzama, na ninaona ndiyo maelezo sahihi ya dalili ya nne. Kwenye tangi la hewa ningependa kuweka tahadhari, hasa kwa mtu anayeishi pwani na kiyoyozi chake kinategemea umeme unaokatika.

Pampu ya rola hupitisha ujazo uleule hata mnato wa maji ukibadilika. Tangi la hewa hushikilia kanieneo, na mtiririko unafuata mnato. Mnato wa maji ni milipaskali-sekunde 1.00 kwa nyuzi 20, hushuka hadi 0.89 kwa nyuzi 25 na 0.80 kwa nyuzi 30. Kwa hiyo, tangi lililopangwa asubuhi kwenye chumba cha nyuzi 20 litasukuma ala kwa asilimia 25 zaidi mchana wa nyuzi 30, kanieneo likiwa lilelile, na muda wa kufika leza ya pili utakuwa umehama kwa mikrosekunde kadhaa. Saitometa kubwa hukabiliana na hilo kwa vidhibiti na programu za kurekebisha, vitu ambavyo mtu akijijengea tangi hana. Isitoshe, hewa iliyokandamizwa juu ya maji huyeyuka humo kwa wingi zaidi, kisha maji yakifika chembani, ambako kanieneo ni dogo, gesi hiyo hutaka kutoka. Na katika mashine hii tangi lingehusu ala tu. Pampu ya taka ingebaki ya rola, na sampuli ingebaki kuwa tofauti kati ya vitu viwili ambavyo sasa havibadiliki kwa namna moja. Ningeona huo ni ugonjwa mpya.

Pampu ya sirinji ni hadithi nyingine. Kwa ala haifai, kwani sirinji ya mililita 10 ingeisha baada ya dakika 2. Kwa sampuli, hata hivyo, inafaa sana, kwa sababu inaondoa utegemezi wa tofauti ya pampu mbili na inakupa ujazo unaojulikana, hivyo unaweza kuhesabu seli kwa kila mikrolita bila shanga za kulinganishia. Kampuni ya Ujerumani ya Partec ilijenga saitometa zake za CyFlow kwa msingi huo wa kupima ujazo halisi wa sampuli, na mashine hizo zimetumika sana barani Afrika kuhesabu CD4, yaani seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU. Siku mtakapopata fedha, zipelekeni huko, mkichagua sirinji ndogo yenye mota ya hatua fupi, kwa maana sirinji kubwa inayosukumwa polepole mno hukwama na kuruka.

MteknolojiaPwani (mleta mada)

Nawashukuru sana nyote. Tumepima kwa mizani kama tulivyoelekezwa. Pampu ya ala inatoa kiasi kinachotarajiwa, lakini kijichupa cha sampuli kilipungua kwa chini ya nusu ya kile kilichotakiwa, na tulipoufungua mpira wa pampu ya taka tuliukuta umebonyea, una mfereji bapa unaoonekana kwa macho pale rola zinapopita. Mawimbi nayo yanalingana na idadi ya rola. Tumeagiza mipira mipya ya pampu zote mbili, na mrija wa sampuli tumeufupisha na kuuweka wima.

Nina maswali mawili kuhusu chupa ya hewa. Je, tuiweke upande wa ala peke yake, au upande wa taka pia? Na kama tutaweka pande zote mbili, je, vipimo viwe sawa?

MhandisiVifaaTiba

Pande zote mbili, lakini vipimo visiwe sawa, na hapa naomba msome kwa utulivu.

Sampuli yenu ni tofauti ya mitiririko miwili, kwa hiyo ni lazima yote miwili itulie kwa mwendo mmoja. Mkiituliza ala kwa sekunde 4 na kuiacha taka bila kutulizwa, kila mnapowasha, taka itavuta kwa nguvu yake yote wakati ala bado inajikusanya, na pengo hilo litajazwa na sampuli. Mtavuta sampuli nyingi mno kwa sekunde za mwanzo, uzi utanenepa, na seli zitapita mbili mbili mbele ya leza.

Upande wa taka, msitumie mrija uleule wa milimita 0.5, kwa sababu huko kimiminika kinavutwa. Kuvuta kwa nusu ya kanieneo la hewa kunatoa gesi kwenye maji na kujaza mrija viputo kabla ya kufika pampu. Tumieni mrija wa milimita 0.75 kwa mita 1. Kwa kuwa ukinzani hufuata kipenyo kwa kipeo cha nne, mrija huo una ukinzani wa karibu moja ya tano, na mvuto unaohitajika ni takriban sehemu moja ya kumi ya kanieneo la hewa. Ili muda wa kutulia ubaki sekunde 4, wekeni mililita 3 za hewa upande huo dhidi ya mililita 1 upande wa ala.

Upande wa ala chupa ikae baada ya pampu na chujio, kisha mrija mwembamba, kisha chemba. Ukague ujazo wa hewa mara kwa mara, kwa sababu hewa iliyo chini ya kanieneo huyeyuka majini na chupa hujaa maji kidogo kidogo, ilhali upande wa taka huongezeka kwa gesi inayotoka. Wekeni alama kwenye chupa kwa kalamu ya wino usiofutika, ili yeyote anayefungua mashine asubuhi aone kama kiwango kimehama. Wakati wa kuwasha, washeni ala kwanza huku ncha ya mrija wa sampuli ikiwa juu ya chombo cha taka, kwa kuwa kwa sekunde hizo maji ya ala yatarudi nyuma kupitia mrija huo na kuusafisha. Kisha washeni pampu ya taka, subirini sekunde 20, ndipo muweke sampuli.

MkaguziUbora_Nairobi

Ndugu mleta mada, nimefurahi kusoma kwamba mashine hii haitoi majibu ya wagonjwa, nami naomba msimamo huo uandikwe kwenye karatasi na kubandikwa juu ya mashine yenyewe. Nasema hivi kwa uzito. Shirika la Afya Duniani linatumia kiwango cha seli 200 za CD4 kwa mikrolita kutambua ugonjwa wa VVU uliokwisha kuendelea kwa watu wazima, na katika mashine inayohesabu kwa ujazo, kosa la asilimia 10 la mtiririko ni kosa la asilimia 10 la hesabu. Mtu mwenye seli 190 atasomeka kuwa na 209, na huduma anayostahili itampita. Mashine iliyobadilishwa mirija na kuongezewa chupa si ile iliyothibitishwa na mtengenezaji, hata kama inafanya kazi vizuri zaidi.

Kwa ajili ya utafiti wenu, fungueni daftari moja la mfumo wa vimiminika. Kabla ya kufunga chupa za hewa, pitisheni shanga na mhifadhi upana wa kilele, hesabu kwa dakika na uzito wa sampuli iliyovutwa. Fanyeni hivyo tena baada ya kubadilisha mipira, na tena baada ya kufunga chupa. Msifanye mabadiliko yote siku moja, kwa sababu hamtajua ni lipi lililoleta nafuu. Andikeni na joto la chumba kila mara, asubuhi na mchana, maana katika mazungumzo haya joto limetajwa kila mahali na bado hakuna rekodi yake. Mpira wa pampu uandikiwe saa zake za kazi tangu ulipofungwa, na kipimo cha mizani kirudiwe kila wiki. Sampuli ikipungua zaidi ya kiwango mlichokubaliana, mpira ubadilishwe bila kusubiri grafu iharibike.

Na matokeo ya wanafunzi yaliyokusanywa katika kipindi ambacho hesabu zilikuwa zikishuka yanahitaji kuangaliwa upya. Asilimia za makundi ya seli huenda zikawa salama, kwa kuwa seli zote zilipungua kwa pamoja. Hesabu kamili kwa mikrolita haziko salama, isipokuwa pale ambapo shanga za idadi inayojulikana zilichanganywa ndani ya kijichupa kilekile cha sampuli. Wasimamizi wa tafiti hizo waelezwe mapema, kabla wanafunzi hawajawasilisha.